Nimenogewa na Bwana Msa hadi silali: vilivyobaki nivisome vipi, na nakala za zamani nizikague nini?

KurasaMia

Wakuu, salaam. Vitabu viwili vya Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale* na *Kisima cha Giningi*, vimekwisha kwa siku nne, kila usiku hadi saa 9, na hamu ndiyo kwanza imepanda. Najua vilivyobaki ni vichache, na kwa kuwa mwandishi ameshatangulia mbele ya haki hakuna kipya kitakachokuja. Naomba wenye kuvijua mnisaidie. Vilivyobaki nivifuate kwa mpangilio upi? Nakala za mitumba nizikague nini kabla ya kutoa hela, maana nyingi zimechakaa? Na kuna namna gani ya kusoma isiyoniacha na macho mekundu asubuhi, wala kuvimaliza vyote ndani ya wiki mbili? Tafadhali msitaje muuaji wa kitabu chochote.

Ngalawa

Karibu, mkuu. Vitabu vya Muhammed Said Abdulla vyenye Bwana Msa ni saba: *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984). Umebakiwa na vitano.

Fuata miaka hiyo. Kila kesi inajitegemea, kwa hiyo ukiruka hutapotea kwenye kisa. Utakachokosa ni kuwazoea wale watatu hatua kwa hatua: Bwana Msa na kiko chake, Najum anayefuatana naye, na Inspekta Seif wa polisi. Msomaji aliyewazoea ndiye anayehisi pale Bwana Msa anaponyamaza kwa kuwa hajui, na pale anaponyamaza kwa kuwa ameshajua. Na *Kosa la Bwana Msa* kiache mwisho kabisa. Jina lake tu linadai uwe umeshamwamini huyo mzee kwa vitabu sita.

Halafu tazama miaka yenyewe. Kati ya cha kwanza na cha pili kuna pengo la miaka minane, vinne vya kati vimefuatana mwaka baada ya mwaka, kisha pengo la minane tena. Mwandishi alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye magazeti mwaka 1948 kama mhariri wa *Zanzibari*, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alihariri jarida la *Mkulima*. Kwa hiyo pengo la kwanza ni miaka ya ofisini, na vile vinne vimeandikwa na mtu aliyekwisha kustaafu. Visome hivyo vinne kama fungu moja, kwa karibu, uone anavyojaribu mbinu zake. Mapumziko marefu yaweke kwenye mapengo: ulipo sasa, na tena kabla ya kile cha 1984.

FundiJalada

Nijibu la nakala, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Utakutana na vitabu vya jalada laini vilivyofungwa kwa gundi, kwa pini za chuma au kwa uzi, na kila namna ina ugonjwa wake. Gundi ya zamani hukauka na kuwa kama ganda la yai. Ukikitandaza kitabu mezani mgongo unalia, na karatasi zinaachia moja moja, kwanza za mwanzo na za mwisho. Pini hupata kutu, hasa vitabu vilivyokaa pwani kwenye unyevu, na kutu inakula karatasi pande zote za tundu. Vya uzi ni imara, ila uzi ukikatika huondoka na mkunjo mzima, na mkunjo huwa na kurasa 16 au 32. Kwa hiyo usimwamini muuzaji anayekwambia "imetoka karatasi moja tu".

Ukaguzi uanze nyuma. Fungua ukurasa wa mwisho taratibu, kitabu kisizidi nusu ya kufunguka. Maandishi yakiisha katikati ya ukurasa na chini pakawa peupe, kuna matumaini. Yakifika hadi mstari wa chini kabisa na sentensi haijatulia, kuna karatasi imeondoka, na kwa kitabu cha upelelezi hiyo ndiyo uliyoifuata. Kisha pitia namba za kurasa zote, usidonoe. Namba witiri hukaa kulia na shufwa kushoto. Ukiona kushoto 88 na kulia 91, karatasi moja haipo. Ukiona shufwa iko kulia, kitabu kimewahi kuachia kikabandikwa upya vibaya, kwa hiyo kikague mara ya pili polepole. Kazi yote ni kama dakika nne.

Na jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: nakala zilizopita mikononi mwa wanafunzi huwa na maandishi ya penseli pembeni. Mtu ameorodhesha wahusika kwenye karatasi ya kwanza na mbele ya jina moja ameandika "muuaji". Mwombe muuzaji, au rafiki asiyejali, apitie kurasa za mwanzo na pembezoni kabla macho yako hayajafika. Maandishi yakiwepo, ayafunike kwa kipande cha karatasi. Asifute, maana kifutio kinachuna karatasi iliyoiva kwa uzee.

Ukishanunua, usikipeleke kitabu moja kwa moja rafuni. Kikung'ute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga mlaini au vidudu, kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, utoe hewa, uweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, kiache ndani ya mifuko siku nzima hadi kirudi joto la kawaida, la sivyo umande utatua kwenye karatasi na utakuwa umebadilisha wadudu kwa ukungu. Usikianike juani. Jua linaua harufu lakini linaifanya karatasi kuwa ya njano na gundi kuwa kavu zaidi. Kivulini penye upepo panatosha.

Karatasi iliyoachia usiibandike kwa selotepu. Gundi yake hunywea kwenye karatasi, ikageuka kahawia, na baada ya miaka michache plastiki inabanduka huku doa limebaki. Chukua gundi nyeupe ya maji, paka kwa brashi nyembamba ukingoni kwa upana wa milimita 2 tu, isukume karatasi hadi mgongoni, weka plastiki kila upande ili isigandane na jirani zake, kisha weka kitabu kizito juu hadi kesho yake.

MwalimuZamu

Nimsaidie kwenye usingizi. Kosa la wasomaji wengi ni kujiambia "nitaacha mwisho wa sura". Mwisho wa sura ndipo mwandishi wa upelelezi anapotega ndoano. Mlango unagongwa, au mtu anatajwa ambaye hakutarajiwa, na hapo unageuza karatasi. Acha mahali pengine: ingia kwenye sura inayofuata kurasa mbili au tatu. Kwa kawaida ile taharuki imeshajibiwa, watu wameketi, wanazungumza. Weka alama hapo, katikati ya mazungumzo ya utulivu, ufunge. Ukianza kesho hutahitaji kurudi nyuma pia.

Jipime kasi yako. Hesabu kurasa unazosoma kwa nusu saa bila kukimbia. Ukiwa na kurasa 15 na una saa moja kabla ya kulala, leo unasoma 30. Weka kipande cha karatasi kwenye ukurasa wa 30 kabla hujaanza, siyo baada. Mkono ukigusa ile karatasi unajua umefika, na hakuna haja ya kuangalia saa. Simu ikae chumba kingine, kwa sababu anayenogewa hatosheki na kitabu: anakwenda mtandaoni kutafuta "nani aliyeua" na anajiharibia mwenyewe.

Kuhusu kuvimaliza haraka, dawa ni daftari. Gawa ukurasa mistari minne ya kusimama: jina, alikuwa wapi, saa ngapi, nani mwingine anathibitisha. Kila anayetoa maelezo, mwandikie. Kasi inapungua yenyewe na raha inaongezeka, kwa sababu unapeleleza sambamba na Bwana Msa.

Kwenye safu ya saa kuwa makini. Hadithi za Unguja hutaja wakati kwa swala, na mtu wa bara anaweza kuupotosha. Kwa saa za leo, Magharibi pale ni kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na dakika 45 jioni kufuata msimu, na Isha huwa saa moja na kitu baadaye. "Baada ya Alasiri" si saa 9 mchana tu: ni kipindi kirefu hadi jua linakaribia kuzama, kwa hiyo ushahidi wa aina hiyo uandike kama mwanya wa saa mbili na zaidi. Na kubwa kuliko yote ni usiku. Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili siku inaanza jua likizama. "Usiku wa Ijumaa" ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani ule ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Ukiandika Ijumaa usiku kwenye daftari, umempa mtu siku nzima ambayo hakuwa nayo.

Ngalawa

Mwalimu, kwa heshima zote, la daftari sikubaliani nawe kwa usomaji wa kwanza. Abdulla anaandika kwa mazungumzo, na utamu uko kwenye mtiririko wa kauli za watu, mtu anavyozunguka zunguka kabla ya kusema alichokijia. Ukisimama kila mstari uandike saa, unakata ile sauti. Mara ya kwanza asome kwa hamu yake, hata kama ni haraka. Daftari lije mara ya pili, akishajua jibu.

Usomaji wa pili ndio unaorefusha vitabu hivi saba, mkuu KurasaMia. Unajua muuaji, sasa mfuate yeye tu. Weka alama kila anapoingia: anaongea na nani, anaulizwa nini, anajibu alichoulizwa au anajibu kingine. Kisha rudi kwenye sura ambayo Bwana Msa anaeleza alivyogundua, na kila dalili anayoitaja itafute ilipo mwanzoni. Ukiipata ukurasani, mwandishi alicheza nawe kwa haki. Ukiikosa, umegundua alipokuficha, na hilo nalo ni somo. Kuna dalili zinapita ndani ya nusu sentensi, katikati ya maelezo ya chakula au ya nguo, na msomaji mwenye haraka hawezi kuziona.

BiKidau

Salaam alaykum wote. Mmesema vizuri, ila mmesahau lugha na desturi, na bila hizo nusu ya raha inapotea.

Anza na jina la kile cha kwanza. Wengi wa bara wakisikia mzimu wanaona roho ya marehemu inayotisha usiku. Kwa Unguja mzimu ni mahali hasa: pango, jabali au mti mkubwa ambapo watu hupeleka nadhiri, ubani na chakula. Kwa hiyo "mzimu wa watu wa kale" una njia ya kwendea, una wanaouhudumia, na mtu anaweza kuonekana akiingia au akitoka. Rudia kitabu ukiwa na picha hiyo kichwani, utaona mwendo wa watu unabadilika. Giningi nayo, kwa imani za Unguja, ni makazi ya wachawi yasiyoonekana kwa macho ya kawaida. Huhitaji kuamini. Unahitaji kujua kwamba jirani wa mhusika anaamini, na hofu hiyo inamfunga mdomo shahidi.

Pili, majina ya udugu. Ami ni ndugu wa kiume wa baba, mjomba ni ndugu wa mama. Ukiwaita wote wajomba, kama inavyofanyika sehemu nyingine, unapoteza sababu ya mtu kuua, maana katika mirathi ya Kiislamu ami anaweza kurithi pale marehemu asipoacha mtoto wa kiume, baba, babu wala ndugu wa kiume, lakini mjomba kwa kawaida hana fungu mbele ya warithi wengine.

Anayependa kupima nani ana faida, haya yatamtosha. Mjane hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, marehemu akiacha mtoto, robo asipoacha, na wakiwa wajane wawili wanagawana fungu hilo hilo. Mume hupata robo au nusu kwa utaratibu huo huo. Binti hupata nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Wasia hauvuki theluthi ya mali na haumwendei aliye mrithi tayari, isipokuwa warithi wengine waridhie. Mtoto wa kambo harithi. Ndugu wa ziwa, yaani walionyonyeshwa na mama mmoja, hawaoani, na hawarithiani kwa ajili ya ziwa hilo. Mke aliyepewa talaka rejea, ile ambayo mume anaweza kumrudia ndani ya eda, mumewe akifa kabla eda haijaisha, bado ni mrithi. Na aliyemuua mtu hamrithi, kwa hiyo mwenye tamaa ya mali ana haja kubwa ya kufanya kifo kionekane cha kawaida, au cha mkono wa mwingine. Kwenye mashamba ongeza hili: Unguja ardhi inaweza kuwa ya huyu na minazi au mikarafuu iliyo juu yake ikawa ya yule. Mtu akisema "shamba langu", uliza anamaanisha udongo au miti.

Sisemi ni kesi ipi inagusa lipi. Mleta mada kaomba siri zihifadhiwe.

Kwa msamiati, maneno ya Unguja yanapatikana zaidi kwenye *Kamusi la Kiswahili Fasaha* la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kuliko kamusi nyingine za karibuni. Usifungue kamusi kila neno. Pigia mstari kwa penseli laini, malizia sura, ndipo utafute yote kwa pamoja.

KurasaMia

Shukrani sana Bi Kidau, na nyote wakuu. Hilo la usiku wa Ijumaa na la ami limenifanya nirudi kwenye kile cha kwanza leo leo. Mawili yamebaki. Kuna watu wanatuma nakala za kupiga picha kwenye simu, je ni sawa kuzitumia nikikosa kitabu? Na nikivimaliza vyote saba niende kwa nani?

FundiJalada

Nakala za simu zina mambo mawili. La kwanza ni haki. Mwandishi alifariki mwaka 1991, na sheria ya Tanzania Bara na ya Kenya zinalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kwa hiyo vitabu hivi bado vina wenyewe hadi mwisho wa 2041. La pili ni ubora. Zile zilizogeuzwa maandishi kwa programu zinaharibu Kiswahili: "m" inasomwa "rn", alama ya juu kwenye ng' inaondoka, namba 1 inakuwa herufi l, na alama za kufungua usemi zinapotea hadi hujui nani anaongea. Kwenye mazungumzo ya Abdulla hilo ni hasara kubwa. Zile za picha tupu hukatwa ukingo wa ndani na kula herufi mbili tatu za kila mstari.

Afadhali maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, uliza vitabu vya Tanzania. Mara nyingi vya zamani husomewa mle mle, kwa hiyo nenda na daftari. Ukiwa chuoni, uliza maktaba ya chuo kabla ya kuzunguka mitaani. Kwenye orodha tafuta kwa njia zote: Abdulla, Abdullah, Muhammed, Mohamed, Said. Jina moja limeandikwa kwa sura nyingi na ukijaribu moja tu utaambiwa hakuna. Usishangae pia kuona wachapishaji tofauti. Hadithi ya kwanza ilishinda mashindano ya 1957/58 ya East African Literature Bureau, shirika ambalo liliondoka na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977, na upande wa Nairobi likarithiwa na Kenya Literature Bureau. Vya miaka ya 70 vina jina la East African Publishing House, ambayo nayo haipo tena. Kabla ya kulipa, linganisha sura ya kwanza na ya mwisho na nakala nyingine ukiweza.

Ngalawa

Ukimaliza saba, usitafute Bwana Msa mwingine mara moja, utakata tamaa. Nenda kwa mwendo tofauti. Elvis Musiba ana Willy Gamba, jasusi, kuanzia *Kufa na Kupona* (1974). Huko ni kasi, safari, ndege na bunduki, hakuna kukaa barazani kufikiri. Ben Mtobwa ana Joram Kiango, na *Salamu Kutoka Kuzimu* ni mlango mzuri wa kuingilia. Hawa wawili ndio wanaokesha na watu kuliko Bwana Msa, kwa hiyo ile karatasi ya Mwalimu kwenye ukurasa wa 30 uihamishe nayo.

Ukitaka kubaki Unguja, *Kivuli Kinaishi* cha Said Ahmed Mohamed ni tamthilia, si upelelezi, lakini inafanyika Giningi. Isome ukiwa bado na *Kisima cha Giningi* kichwani, uone mahali pamoja panavyobebeshwa mzigo mwingine kabisa.

MwalimuZamu

Nakubali la Ngalawa kwamba daftari lije mara ya pili, ila safu ya saa aiandike tangu mara ya kwanza, hata kama safu nyingine anaacha wazi. Maneno mawili tu kwa kila shahidi, nyuma ya alama ya kurasa. Karatasi ya upana wa vidole vitatu inatosha kesi nzima, na kitabu kikiisha inabaki humo humo ndani ikisubiri usomaji wa pili.